Kalamu Kitandani kwa Mgonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye Nabii Ibrahim (A.S.) alimtaja kuwa ndiye mponyaji wake kila alipougua. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, akina baba na akina mama, vijana na wanafunzi wa madrasa: jambo linaloelezwa katika hotuba hii laweza kuonekana dogo, lakini limo ndani ya nyumba nyingi za mji huu wa Bujumbura, katika Buyenzi na Bwiza na kwingineko. Ni habari ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa ya kalamu au ya ulimi, kama vile mwalimu wa chuo, mtunzi wa kasida, msomaji wa maulidi, au mwandishi wa nyaraka za watu. Kisha akapatwa na maradhi makubwa, Mwenyezi Mungu akamnusuru na mauti, akarudishwa nyumbani hali hajapona sawasawa.

Watu wa mji huu, alhamdulillahi, ni wema kwa mgonjwa. Siku za kwanza nyumba hujaa. Huletwa uji, huletwa mchuzi wa mukeke, husomwa Yasin, na majirani hupokezana zamu ya kukesha. Mwezi wa pili wageni hupungua. Mwezi wa tatu hutokea neno moja ambalo aghalabu husemwa kwa huruma: mwacheni mzee apumzike. Basi wanafunzi wake hupelekwa kwa mwalimu mwingine, daftari lake la kasida hutiwa sandukuni, na zinapokuja siku za maulidi hakuna anayepita kumwuliza atasoma nini mwaka huu. Hapana aliyekusudia ubaya. Lakini mzee huyo huketi juu ya mkeka wake akisikia, nyumba ya pili, watoto wakisomeshwa yale aliyowasomesha wakubwa wao, naye hakuitwa hata kusahihisha herufi moja. Neno hilo la huruma ndilo linalofaa kutazamwa vizuri, kwa sababu wako waliotangulia ambao lau wangeachwa wapumzike, Waislamu wa dunia nzima wangekosa mambo makubwa.

Wa kwanza katika hao ni Imamu Sharafuddin Muhammad bin Said al-Busiri wa Misri, mwenye Kasida ya Burdai, ambayo husomwa katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Wengi huijua kwa moyo mianzo yake, na wachache huijua habari ya mtunzi wake.

Alizaliwa katika mwaka wa 608 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka wa 1212 wa Miladi, na asili ya ukoo wake ilikuwa Wasanhaja, yaani Waberiberi wa Maghribi. Hati yake ilikuwa nzuri, na hesabu aliijua, kwa hiyo akapata kazi ya ukarani wa serikali katika mji wa Bilbays, upande wa mashariki ya Misri. Haifai kudhani kwamba alikuwa mtu wa kuimba sifa za Mtume tu toka ujana wake. Diwani yake imejaa mashairi ya namna nyingine. Yamo mashairi ya kuwasema makarani wenzake walioiba mali ya umma, na yamo mashairi ya kulalamika: mshahara mdogo, watoto wengi, nyumba haina kitu. Alikuwa na ulimi mkali, na bila shaka watu walimcheka naye na pia walimwogopa. Alipokuwa mtu mzima alifuata njia ya Shadhiliya, akawa mwanafunzi wa Sheikh Abul-Abbas al-Mursi wa Iskandaria, naye akatunga kasida kadhaa za kumsifu Mtume, nyingine zikiwa ni kwa kuagizwa na waziri mmoja wa zama zake.

Akiwa katika hali hiyo, mtunzi anayejulikana, anayeagizwa na mawaziri, akapigwa na faliji. Ni maradhi yale ambayo leo huitwa kiharusi au kupooza. Nusu nzima ya mwili wake ikafa ganzi, asiweze kuondoka mahali alipo.

Habari ya yaliyofuata imehifadhiwa na mwanachuoni wa Sham, Muhammad bin Shakir al-Kutubi, aliyefariki katika mwaka wa 764 wa Hijra, katika kitabu chake cha tarehe za watu mashuhuri, naye ameiandika kama aliyoisimulia al-Busiri mwenyewe. Kwa ufupi ni hivi. Alipokuwa amelala na nusu ya mwili, ilimjia fikira ya kutunga kasida mpya, akaitunga. Akamwomba Mwenyezi Mungu afya kwa hiyo kasida, akawa akiisoma na kuirudia, akilia na kuomba, hata usingizi ukamchukua. Katika usingizi akamwona Mtume (S.A.W.), akampangusa uso kwa mkono wake mtukufu, na akamtupia joho. Alipoamka akajiona anaweza kuondoka. Akatoka nje ya nyumba yake.

Na huko nje ndiko kwenye jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio kwa sababu ya kushughulika na ndoto. Al-Busiri hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba ametunga kitu. Njiani akakutana na fakiri mmoja, na yule fakiri akamwambia, nipe ile kasida uliyomsifu Mtume. Akamwuliza, kasida ipi? Akajibiwa, ile uliyoitunga ulipokuwa mgonjwa. Na fakiri akaitaja mianzo yake, akasema kwamba aliisikia usiku ikisomwa mbele ya Mtume, naye Mtume akifurahi nayo, akamvika msomaji joho. Basi al-Busiri akampa. Fakiri akaieneza, hata ikamfikia waziri Bahauddin Ibn Hinna, waziri wa Sultani Baybars, ambaye akawa haisikilizi ila amesimama, miguu mitupu na kichwa kitupu, kwa heshima.

Kasida hiyo ina mishororo ipatayo 160, na mafungu kumi. Huanza kwa majonzi ya mapenzi kama ilivyokuwa desturi ya washairi wa Kiarabu, kisha huingia katika kuilaumu nafsi na matamanio yake, kisha sifa za Mtume, uzazi wake, miujiza yake, utukufu wa Kurani, Isra na Miraji, vita vyake, na mwisho toba na maombi. Msomaji akiilinganisha na yale mashairi ya ukarani wa Bilbays, ataona kwamba ukali wa ulimi haukwisha, ila umegeuka uelekeo. Katika fungu la pili, aliyekuwa akiwahesabia makarani wizi wao, sasa anajihesabia mwenyewe. Mtu aliyelala miezi hawezi kumkagua ila yule aliye karibu naye kuliko wote.

Jina la Burdai latokana na lile joho, na kabla yake alikuwako Kaab bin Zuhair aliyevikwa joho la Mtume kwa macho makavu, zama za uhai wake. Lakini wako waliopenda kuiita kasida ya al-Busiri kwa jina la pili, al-Bur-a, na maana yake kwa Kiswahili ni kupona. Jina hilo lifaa kukumbukwa, maana litarudi.

Hapa yapasa kusemwa maneno mawili ya tahadhari. La kwanza, ndoto ya al-Busiri ni karama iliyosimuliwa na wanachuoni, wala si nguzo ya dini. Na wako maulamaa waliozikosoa baadhi ya beti za Burdai kwa kuona zimepita kiasi, na wako waliozisherehesha na kuzitetea, na mlango huo wa elimu u wazi kwa anayeutaka. La pili ni zito zaidi. Wako watu ambao mzee akipooza upande mmoja, humfungia nyumbani, wakamsomea na kumwandikia kombe, hata siku zikapita bila ya kumpeleka kwa daktari. Hiyo siyo Burdai na siyo tawakkul. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, akawaamuru watu wajitibu. Matabibu wa leo hueleza kwamba mara nyingi kiharusi hutokea pale mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ndani ya ubongo, na kwamba saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa: kila inapopita saa moja bila ya matibabu, sehemu ya ubongo huzidi kufa. Mwenye mdomo ulioelekea upande, au mkono ulioanguka ghafula, au maneno yaliyovurugika, apelekwe hospitali saa ile ile, na Yasin isomwe njiani.

Lakini hao hao matabibu wana neno jingine, na hilo lamfanya mtu akitazame tena kitanda cha al-Busiri. Wanasema baada ya hatari kupita, kiungo kilichopooza hurejea kwa kurudiarudia, na ulimi vilevile. Na imeonekana kwamba wako wagonjwa wasioweza kutamka jina la mtoto wao, lakini wakianzishiwa wimbo au dua waliyoihifadhi utotoni, huweza kuifuata mpaka mwisho, kwa sababu maneno ya mahadhi hayakuwekwa mahali pamoja na maneno ya mazungumzo. Imeelezwa kwamba al-Busiri aliisoma kasida yake na kuirudia na kuirudia. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye alimponyaje mja wake, lakini haikatazwi kuona kwamba ule mdomo haukuachwa ulale. Waziri Ibn Hinna alifariki katika mwaka wa 677 wa Hijra, naye al-Busiri akafariki baada ya mwaka wa 690, kwa hiyo aliishi si chini ya miaka kumi na mitatu baada ya kutunga Burdai. Leo katika Iskandaria uko msikiti unaoitwa kwa jina lake, mkabala wa msikiti wa sheikh wake, Abul-Abbas al-Mursi.

Kabla ya kuondoka katika nchi za Waarabu, kuna mtu mwingine ambaye hadithi yake ni ngumu zaidi, na yafaa isiachwe. Naye ni Majduddin Ibn al-Athir wa Mosul, ndugu wa yule mwandishi wa tarehe mashuhuri, Izzuddin. Alifariki katika mwaka wa 606 wa Hijra, miaka miwili kabla ya kuzaliwa al-Busiri. Alikuwa katibu wa watawala, mtu wa kuitwa usiku na mchana. Akapatwa na ugonjwa uliomlemaza mikono na miguu, asiweze kushika kalamu kabisa. Akakaa nyumbani, wakawa wanafunzi wake wakimwandikia. Ibn Khallikan anapokea kwamba vitabu vyake vyote alivitunga katika muda huo wa kulemaa. Katika hivyo ni Jamiul Usul, kilichokusanya hadithi za vitabu sita vikubwa, na an-Nihaya, kinachofasiri maneno magumu ya hadithi. Mpaka leo mwanachuoni akikwama katika neno la hadithi, hufunua an-Nihaya.

Sasa ajabu yake ni hii. Alikuja mtu mmoja kutoka Maghribi, tabibu, akaahidi kumponya na asichukue ujira mpaka apone. Akaanza kumpaka mafuta aliyoyatengeneza, na miguu ikaanza kulainika, hata akakaribia kuinyosha. Ndipo Majduddin akamwambia ndugu yake: mpe mtu huyu kitu cha kumridhisha, umwache aende zake. Ndugu yake akastaajabu. Akajibu kwamba amepata raha ya kutoandama milango ya wakubwa, na nafsi yake imetulia nyumbani, na umri uliobakia ni mchache, basi aachwe aishi huru.

Wako wanaoisifu hadithi hii bila ya kufikiri. Haifai kufuatwa katika kumfukuza tabibu, kwani afya ni amana, na yule Mmaghribi masikini alistahili kumaliza kazi yake. Lakini ndani yake mna habari ya kweli kuhusu watu wa kalamu: kwamba pengine maradhi humpa mtu ule wakati ambao uzima ulimnyima. Kamwe Majduddin asingalipata kuandika kitu katika zile mbio za kuitwa na wafalme. Na hata hivyo, lau wanafunzi wake wangalisema "mwacheni sheikh apumzike," mikono yake isiyoshika kalamu ingalimaanisha mwisho wa mambo.

Na sasa yafaa kuja karibu na nyumbani. Al-Busiri ana kasida nyingine kubwa iitwayo Hamziya, na hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili cha zamani na Sayyid Aidarus bin Athuman katika kisiwa cha Pate, katika nchi ambayo leo ni Kenya, kabla ya kuzaliwa yule anayekuja kutajwa. Ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya lugha ya Kiswahili. Kwa hiyo sauti ya yule karani wa Bilbays ilikuwa imekwisha kusikiwa kwa Kiswahili katika visiwa hivyo, wakati bibi mmoja wa Pate alipolala mgonjwa katika karne ya 19. Jina lake ni Mwana Kupona binti Msham.

Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Huyo ndiye aliyemsumbua Sayyid Said wa Unguja na Maskati kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid yalivunjwa mbele ya Siyu. Bwana Mataka akafariki katika mwaka wa 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said. Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto. Kisha naye akaugua, na ugonjwa ukamchukua mwaka mzima. Katika mwaka wa 1275 wa Hijra, ambao huhesabiwa kuwa ni 1858 wa Miladi, akiwa katika hali hiyo, akatunga utendi wa beti 102 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima.

Mwaka huo wa 1858 una maana hata kwa watu wa ukingo huu wa Ziwa Tanganyika. Ndio mwaka Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Ujiji pamoja na msafara uliotoka pwani, mmoja wao akiwa hawezi kutembea kwa ugonjwa na wa pili macho yakimsumbua. Kisha wakapanda mitumbwi wakafika Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa, mkabala na mahali ulipo mji wa Bujumbura leo. Huko Ujiji waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kufanya makazi. Basi wakati bibi yule anatunga, lugha aliyoitungia ilikuwa imekwisha kuanza safari ya kuja huku, ikibebwa na wachukuzi na wafanyabiashara ambao baadhi ya wajukuu zao wanaisikiliza hotuba hii.

Namna utendi ule unavyoanza yajulikana na wengi. Mama anamwita binti yake asogee karibu, akae naye, aje na wino na karatasi, kwani kuna maneno moyoni mwake ambayo amependa kumwambia. Anamweleza kwamba ameugua mwaka mzima, na hakuwahi kupata nafasi ya kumpa wasia mzuri. Anamwamuru aanze kuandika kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na wasia huo anauita hirizi, anayompa mtoto wake aifunge kwa uzi, imkinge. Mama mgonjwa asiyekuwa na hakika ya kesho, akitafuta hirizi ya kumwachia mwanawe, haitafuti kwa mganga, bali anaifanya kwa maneno yake mwenyewe.

Watu wamezoea kuutaja utendi huu kwa jambo moja tu, nalo ni mafunzo ya mke kwa mume. Hata katika mwaka wa 1934, ulipochapishwa katika Uingereza na Alice Werner na William Hichens pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ulipewa jina la namna hiyo. Na mabinti wa siku hizi, wengine wao, huuchukia kwa sababu hiyo hiyo, wakiona unamfanya mwanamke kuwa mtumishi wa nyumba. Mazungumzo hayo ni marefu na si ya leo. Lakini anayeusoma wote ataona kwamba huyo mama hatungi kama mtu anayetoa amri kutoka mimbarini. Anasimulia ndoa yake, jinsi alivyoishi na mumewe kwa mapenzi bila ya ugomvi, na jinsi mauti yalivyowatenga. Anawaombea watoto wake, na ndugu zake, na Waislamu wote. Na sehemu kubwa ya mwisho ni maombi: anamwita Mola wake kwa majina yake, anamwomba amwondolee maradhi, amsamehe dhambi, amfungulie yaliyofungika. Hiyo ni sauti ile ile iliyosikiwa katika fungu la mwisho la Burdai, mgonjwa akigonga mlango mmoja, ila huyu anaugonga kwa Kiamu cha nyumbani kwake.

Kisha anawageukia wanawake wote, anawaambia wausome na wauelewe. Katika kitanda cha ugonjwa, kazi iliyoanzwa kwa mtoto mmoja ikawa imekwisha kupanuka.

Mwana Kupona hakuona joho katika ndoto, au kama aliliona hakulisimulia. Jina lake lilikuwa Kupona, na jina la pili la kasida ya al-Busiri ni hilo hilo. Lakini mmoja aliondoka kitandani akatoka nje ya mlango wake, na mwingine akafariki kiasi cha miaka miwili baada ya kutunga, katika mwaka wa 1860. Wenye kusema kwamba mtunzi hurejea katika kazi yake pale anapopewa afya yake, na watazame hapo. Al-Busiri alitunga kabla ya kuondoka. Ibn al-Athir alitunga bila ya kuondoka. Mwana Kupona alitunga, akapewa siku kidogo, akaenda zake. Afya iligawanywa mbalimbali, kama apendavyo Mgawaji. Kazi ikatimia kwa wote watatu.

Na kama mtu akiuliza, ni kitu gani basi kilichokuwako kwa wote watatu, jibu lake haliko mbali. Alikuwako mtu wa kupokea. Al-Busiri alikutana na fakiri aliyemwambia, nipe. Asingekutana naye, huenda kasida ingebaki ndani ya kifua chake, kwani hakumwambia mtu. Ibn al-Athir alikuwa na wanafunzi waliokaa miguuni pake na kalamu zao. Mwana Kupona alikuwa na binti aliyetii, akaja na wino. Hao wapokeaji hawakuwa watu wakubwa. Fakiri yule hata jina lake halikuhifadhiwa.

Katika mji huu wako wazee waliohifadhi kasida ambazo hazimo katika kitabu chochote, na habari za misikiti ya kwanza ya Buyenzi wakati mji ukiitwa Usumbura, na tungo za Kiswahili na za Kirundi zilizoimbwa katika harusi na maulidi. Wako akina mama waliozitunga wenyewe. Baadhi yao sasa wamelala, au wameketi tu, baada ya kiharusi, au kisukari, au kupasuliwa. Wengine mkono hauandiki, wengine jicho halioni, wengine ulimi unakwenda polepole na neno la tatu huchelewa kufika. Mwenye haraka hawezi kuwapokea hao. Anayekwenda na aende baada ya Alasiri, wakati jua limepungua na mgonjwa amepata kulala mchana. Akae chini, asimalizie maneno ya mzee kwa niaba yake, wala asimsahihishe mbele ya wajukuu. Aandike alichoambiwa, hata kama siku ile ni ubeti mmoja tu. Vijana wana simu zinazochukua sauti, na hizo nazo ni wino.

Wala asishangae akifukuzwa mara ya kwanza. Mgonjwa aliyekaa miezi bila ya kuulizwa huona haya, hudhani anaonewa huruma, na husema kwamba yeye sasa si kitu na kwamba kasida zake zimesahauliwa. Ulimi wake hujaribu neno akiwa peke yake usiku, kama al-Busiri, na mchana hunyamaza. Kijana na arudi siku ya pili, na siku ya tatu, na aombe kitu kimoja kinachojulikana: ile kasida ya mwaka fulani, ule ubeti wa harusi ya fulani, ile habari ya mwalimu wake wa kwanza. Fakiri wa Misri hakuuliza kama mzee ana chochote. Aliitaja mianzo yake, akangoja apewe.

Utendi wa Mwana Kupona, kabla ya kupigwa chapa, ulikaa miaka mingi katika mikono ya wanawake wa Lamu na Pate, mama akimsomesha binti, na huyo naye akinakili kwa hati ya Kiarabu katika karatasi za nyumbani. Hapana askari wa Sayyid wala wa Bwana Mataka anayekumbukwa leo kwa jina katika nyumba hizo. Nakala ya kwanza katika zote ilianzia pale pale kitandani, binti akisogea karibu, na mama akimwambia aandike.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.